Mrija Alionipa Baba

Kanisani kwetu Kamembe, Rwanda, kwa miaka kadhaa, mimi ndiye niliyekuwa mfano wa kiasi. Mchungaji akifundisha matunda ya Roho, akifika kwenye tunda hilo linalotajwa mwisho, alinitafuta kwa macho kati ya viti. Nilikuwa nikijua, na nilikuwa nimeshafunga vifungo vya koti. Nasimama, nasema: nilikuwa mlevi wa kutupwa kule Bukavu, nilimpiga baba yangu mzazi, na leo ni mwaka wa tatu, wa nne, sijagusa pombe wala kumwinulia mtu mkono. Watu wanapiga makofi. Nakaa. Naandika haya kwa sababu makofi yale yamenichosha, na kwa sababu kisa hicho nilimsimulia kila mtu wa Kamembe isipokuwa yule mmoja aliyestahili kukisikia.

Nianze na lile kofi. Tulikuwa bado Bukavu. Wazazi wetu waliikimbia Rwanda wakiwa vijana, wakatuzaa ng'ambo, Kongo, nasi tukakua tukiitwa Wanyarwanda na watu tuliocheza nao mpira. Nilikuwa seremala kijana, mwenye kazi nzuri na hasira za karibu. Kila Jumamosi nilikuwa Kadutu, mtaani kwetu, kwenye kilabu cha kasiksi, ile pombe ya ndizi ambayo upande huu wa mto Rusizi tunaiita urwagwa. Siku hiyo, jua bado liko juu, baba alikuja kunitoa. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni akasema, "Mama yako iko nakungoya." Wenzangu wakacheka. Niliinuka, nikampiga kofi, na jino lake la mbele likaanguka sakafuni. Na mimi nilicheka pamoja na wenzangu.

Aliokota jino lake, akalifunga katika leso, akaenda zake. Kesho yake aliniambia maneno machache tu: "Mimi na wewe hatutakunywa tena na mrija moja. Siku nitataka, nitakuita."

Asiye wa kwetu huenda asione uzito wa maneno hayo. Kwetu baba na mtoto waliokoseana hawapatani kwa kuambiana pole. Aliyekosewa ndiye anayemwita mwenzake. Mashahidi wanakaa, kinywaji kinaletwa ndani ya kibuyu chenye mrija mmoja, na aliyekosewa anaonja kwanza, wote waone kwamba hamna sumu wala kinyongo. Kisha anampa mwenzake. Kilichomo hakiulizwi, maana kuuliza ni kushuku. Ukipokea mrija, umesamehewa na jambo limekwisha. Asiyekunywa hugusa kwa midomo tu na kuurudisha, na hakuna mtu wa kumlaumu. Hilo la kugusa nililijua. Nalisema wazi ili mtu asinitetee.

Mwaka uliofuata niliokoka, na sisemi kwa mzaha. Nilianguka chini kanisani, nikalia mpaka sauti ikakauka, na niliponyanyuka kiu ilikuwa imeondoka. Sikuifukuza mimi, iliondolewa. Hiyo ilikuwa neema tupu, na ningekuwa na akili ningeiacha iwe hivyo. Lakini taratibu nilianza kuihesabu kuwa kazi yangu mwenyewe. Nilijifunza kufunga kula, kujibu kwa upole, kutabasamu mtu akinitukana. Watu wakanisifu, na kichwa kikavimba. Kuhusu baba, niliona Mungu ameshanisamehe, basi yamekwisha. Nadhani niliamini kwamba Mungu akisamehe, baba anapelekewa nakala.

Mama alifariki kabla hatujarudi. Baada ya mauaji ya kimbari, watu wetu walipoanza kuvuka mto kurudi Rwanda, baba na dada yake, shangazi yangu, walikwenda kukaa Rwimbogo kwenye kilima cha ukoo wao, kati ya migomba iliyogeuka pori. Mimi nilibaki Kamembe. Nilipanga nusu ya kibanda kando ya barabara ya uwanja wa ndege, na nusu nyingine ilikuwa ya seremala Mwislamu, mtu wa makamo aliyezaliwa hapo hapo, mwenye mdomo mkali na mkono mwepesi wa randa. Kutoka kibandani tuliiona Bukavu ng'ambo ya ziwa, na mabati ya Kadutu yakimetameta. Vita vya kwanza vya Kongo vilipita huko, wakimbizi wakafukuzwa kambini, wengine wakarudi kwetu kwa miguu iliyovimba, wengine hawakurudi. Sisi tulipiga randa. Kila aliyejenga upya alihitaji mlango.

Rwimbogo nilikwenda mara chache. Nilimpelekea baba sukari na sabuni, tukaongea habari za mvua. Hakunikaripia hata siku moja. Alipotabasamu niliona lile pengo, nikaangalia pembeni.

Kisha, kiangazi kimoja, mwanamke wa Rwimbogo aliyekuja sokoni alipita kibandani na ujumbe wa shangazi: baba ananiita Jumamosi. Hakusema ni kwa nini. Hakukuwa na haja.

Ningekuwa mtu wa kawaida, ningelia kwa furaha. Mimi nilikwenda kwa mchungaji. Nikamwambia nitapewa pombe mbele ya wazee, na nikiigusa, ushuhuda wangu umekwisha. Kuhusu jino sikumkumbusha. Akaniambia nisimame imara. Basi nilifunga kula siku tatu. Watu hufunga ili wapone au wapate kazi. Mimi nilifunga siku tatu ili Mungu anipe nguvu za kumkataa baba yangu, na nguvu hizo nilizipata.

Jumamosi nilifika Rwimbogo jua likiwa la saa nane. Uani walikuwa wamekaa wazee watano na shangazi. Baba alikuwa amevaa koti lake la harusi za watu, lililokuwa limeshamzidi mabega. Katikati palikuwa na chungu kikubwa cha urwagwa chenye mirija mingi, harufu yake ilinipokea tangu njiani. Mbele ya miguu ya baba palikuwa na kibuyu kidogo, peke yake, chenye mrija mmoja.

Hakuhutubia. Alisema, "Huyu iko mutoto yangu. Alinikosea, na mimi nilimufungia mulango. Leo ninafungua." Akainama, akavuta kidogo, akameza, wote wakaona. Akakichukua kibuyu kwa mikono miwili, akaninyooshea.

Niliweka mikono nyuma. Nakumbuka vidole vyangu vilivyoshikana mgongoni, na jinsi nilivyojisikia mrefu. Nikasema, kwa sauti ya ushuhuda, kwamba mimi sasa ni kiumbe kipya, kwamba mwili huu ni nyumba ya Roho na hauingiwi tena na kinywaji cha ibilisi, kwamba nampenda baba yangu lakini nampenda zaidi aliyeniokoa, na kwamba namwalika yeye pia aache mambo ya kale. Nilisema kwa muda. Nilikuwa na maneno mengi, maana nilikuwa nimeyaandaa siku tatu.

Shangazi alifungua kinywa. Baba alimwangalia, akasema polepole, "Umuache. Amalizie." Nikamaliza. Mikono yake ilikuwa bado imenyooka, na kibuyu kilianza kutetemeka kwa sababu ya uzee. Mwishowe alikirudisha chini, akafuta ncha ya mrija kwa kiganja, akasema, "Bon. Bamupatie chakula."

Sikula. Niliaga kwa heshima zote nikashuka kilima. Mzee mmoja alitema mate chini nilipopita, nami nikatabasamu, maana hayo ndiyo mateso tuliyoahidiwa. Njia nzima niliimba.

Jumapili nilisimama kanisani nikaeleza yote: kibuyu, wazee, mikono nyuma. Nilipofika mahali pa kukataa, makofi yalinifanya ningoje. Nilikuwa sijawahi kushangiliwa namna ile.

Jumatatu nilimwambia mwenzangu wa kibandani. Nilitaka na yeye anisifu, kwa kuwa hanywi. Alikuwa analainisha ubao. Akasimamisha randa.

"Hukugusa hata na midomo?"

"Sikugusa."

"Na ile kibuyu ilikuwa peke yake? Hawakuitoa mu chungu ya bantu bote?"

"Peke yake," nikasema. "Mbele ya miguu yake."

Akacheka kidogo, bila furaha. "Bakwe zangu biko bakristo ba Mibirizi," akasema. "Kila nikienda, bananikamuliaka ya tamu, banaiweka pembeni. Miaka makumi mbili sasa. Wewe ulidhani baba yako hajui kama uliokoka? Rwanda yote inajua, unapigaka kelele kila siku ya Mungu."

Kwa wasiokunywa, juisi ya ndizi hukamuliwa na kuachwa bila unga wa mtama unaoichachusha. Tunaiita umutobe. Ni tamu, watoto wanaipenda, na haina tofauti na maji mbele ya Mungu. Hilo nalo nililijua, kama kila mtu wa kwetu. Nilishika nyundo nikapiga misumari ambayo haikuhitaji kupigwa. Nikajiambia huyu ni mtu wa dini nyingine, anajua nini. Lakini mchana niliamua kwamba Jumamosi nitakwenda Rwimbogo kuuliza.

Baba alikuwa ameshavuka. Asubuhi ileile ya Jumatatu, nikiwa najisifu mbele ya ubao, alipita kwenye daraja la Rusizi, mpakani, akaenda kuitazama nyumba yetu ya mbao kule Kadutu, ambayo mtu alitaka kuihamia. Alikusudia kulala siku tatu. Wiki hiyohiyo vita vya pili vilianza, na daraja likafungwa kwa raia.

Nilikwenda darajani kila asubuhi kabla ya kazi. Askari wa upande wetu alinizoea. "Mzee, rudia kazi yako," alikuwa akisema, na mimi sikuwa mzee. Ng'ambo tulisikia mizinga, na mwenzangu alikuwa anaacha randa na kunyamaza, nami namchukia kwa ukimya ule. Sikuwahi kuomba kama siku zile. Nilimwambia Mungu kwamba niko tayari kunywa chochote. Sasa kiasi changu chote kiliishia wapi, sijui. Nilimtukana mteja, nilivunja mlango niliokuwa nimeutengeneza mwenyewe, nikamsukuma mwenzangu akaangukia meza. Aliinuka, akapangusa maranda kwenye shati, akaendelea kufanya kazi.

Njia ilipofunguka kidogo, mwanamke muuza samaki, jirani yetu wa zamani wa Kadutu, alinitafuta kibandani. Alikaa kabla hajaambiwa akae, nikaelewa. Baba hakupigwa risasi. Aliharisha siku nne ndani ya nyumba ile ya mbao, hospitali haikufikika, majirani wakamzika penye nafasi. Yule mama alisema alikufa vizuri. Alisema pia kwamba alipokuwa na homa alikuwa akinyoosha mikono yake miwili mbele, hivi, kama mtu anayeshika kitu, na hawakujua anataka nini.

Tulifanya kilio Rwimbogo bila mwili. Siku ya kumaliza, watu walipoondoka, nilimkuta shangazi jikoni anapanga masufuria. Nikamuuliza. Sikuzunguka.

"Ilikuwa umutobe tu," akasema, bila kugeuka. "Aliikamua yeye mwenyewe, siku ya tano, mbele ya ile Jumamosi. Na ile mikono yake. Nilikuya na unga ya mutama, nikajua anataka pombe. Akafunika kibuyu na mukono. Akasema, mutoto yangu hakunywake tena, hii iko yake."

"Na kwa nini hamkuniambia?"

"Nilifungua kinywa. Ulimusikia. Alisema umalizie." Akageuka sasa, akanitazama. "Ulikuwa nasema muzuri sana."

Nililia pale sakafuni. Nilisema ole wangu, nilisema nimeangamia, nilisema mengi, maana hata kulia ninajua kulia kwa maneno. Shangazi alipita pembeni yangu akaendelea na masufuria.

Hapo ndipo nilipoelewa nani alikuwa na kiasi siku ile. Mzee aliyepigwa na mwanawe akiwa mlevi, akahubiriwa na mwanawe huyohuyo akiwa mzima, mbele ya wazee wenzake, huku ameshika juisi ya watoto. Neno moja lingenifunga mdomo. Angesema tu ni umutobe, ningeaibika mimi. Alichagua kuaibika yeye. Hakuwahi kushuhudia popote, na kanisani alikuwa anakaa karibu na mlango.

Sasa niliona kwamba lazima nilieleze kanisa. Kukiri ndiyo kazi iliyobaki. Mchungaji alipofika tena kwenye somo lile, akanitafuta kwa macho, nikasimama. Sikufunga koti. Nilianza tangu mwanzo, jino, leso, kibuyu kidogo. Wengi walikijua kisa, niliwaona wakigusana viwiko. Mbele kidogo nilikuwa na sentensi moja niliyoibeba kutoka Rwimbogo. Nikasema, "Akanipa mrija, na mimi nikakataa."

Kanisa likalipuka. Makofi, vigelegele, mama mmoja akapunga kitambaa. Nikainua mkono wanyamaze, wakadhani nainua mkono kumsifu Mungu, wakazidisha. Nikasema kwa sauti, "Ilikuwa juisi," na waliokaa mbele wakaitika amina. Kwaya ikainuka, kinanda kikaingia, mchungaji akanikumbatia huku machozi yanamtoka. Nilikaa. Mpaka leo wako watu wa Kamembe wanaowaambia watoto wao wawe kama mimi.

Jumamosi iliyofuata nilipanda Rwimbogo nikamweleza shangazi. Nilifikiri atakasirika. Alicheka, kwa mara ya kwanza tangu kilio, akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akajifuta macho na kitenge.

"Kuko kitu sikukuambia ile siku," akasema. "Ulikuwa unajililia wewe mwenyewe, nikaona ulie tu."

Nikasogea karibu naye.

"Hakuruhusu muntu anywe ile kibuyu. Alisema labda utarudia kesho. Siku ya Mungu alikaa pale pa mugomba anaangalia njia. Jumatatu, wakati wa kwenda, akasikia arufu yake. Akasema, hii imekwisha kuwa pombe, umwange. Nikitoka Bukavu nitamukamulia ingine."

Jumapili ile, wakati baba anaangalia njia, mimi nilikuwa nasubiri makofi yapungue.

Sikuweza kulia. Shangazi aliinuka akaingia ndani, akakaa huko kwa muda. Alirudi na kibuyu, nadhani ndicho kilekile, sikuthubutu kukitazama sana. Alisimama mbele yangu pale uani, tulikuwa wawili tu, hapakuwa na shahidi hata mmoja. Akainama, akavuta kidogo, akameza, akaninyooshea kwa mikono miwili. Hakuniambia ni nini.

Nikashika mrija, nikanywa. Sikuuliza kilichomo.